Mazabodi Ipimwe Kwanza

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, laptopu isiyowaka huhukumiwa upesi. Mwenye nayo anaifikisha kwenye meza ya fundi, fundi anabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu, anatega sikio kusikiliza kama feni inazunguka, kisha anatamka: mazabodi imekufa, itafutwe nyingine. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mno neno hilo hutamkwa kabla kifuniko hakijafunguliwa, wala kipimo chochote hakijagusa waya. Mwenye mashine, awe mwanafunzi, muuguzi au karani wa shirika, anabaki na njia mbili: kutoa dola ambazo hakuzipangia, au kuiweka mashine chini ya kitanda na kuisahau pamoja na kila kilichokuwamo.

Mazabodi haipaswi kubadilishwa kabla ya kupimwa. Ikibidi ibadilishwe, kazi hiyo ifuate utaratibu unaolinda bodi, fundi mwenyewe na mali ya mteja. Wapo wanaodhani utaratibu wa namna hiyo ni wa Nairobi au Dubai, penye karakana zenye viyoyozi. Wamekosea. Unawezekana katika mitaa ya Uvira kama Mulongwe, Kalundu na Kavimvira, hata katika mji wa Baraka, kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida wa simu tayari anavyo.

Mazabodi, ambayo nchini Kongo hujulikana zaidi kwa jina la Kifaransa, carte mère, ndiyo bodi inayobeba prosesa, kumbukumbu na matundu yote ya laptopu. Hata hivyo sehemu yake kubwa ina kazi ya kugawa umeme. Chaja nyingi huleta volti 19 au 20. Prosesa inakula takriban volti 1 tu. Kati ya namba hizo mbili upo mlolongo wa saketi zinazoushusha umeme ngazi kwa ngazi, volti 5 hapa, volti 3.3 pale, mpaka chini. Saketi hizo ndizo zinazoharibika mara nyingi, na ndizo pia fundi makini anazoweza kuzitengeneza. Prosesa yenyewe hufa kwa nadra.

Na Uvira ina sababu zake za kuziua saketi hizo. Umeme wa mji unatoka mto Ruzizi, ule unaoyatoa maji ya Ziwa Kivu na kuyashusha hadi Ziwa Tanganyika. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II likaanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Miji imepanuka kupita uwezo wa mitambo. Juu ya hayo, plastiki zinazosukumwa na maji ya Ziwa Kivu zimekuwa zikiziba mitambo ya Ruzizi pale Bukavu na kuisimamisha. Matokeo yake mkazi wa Uvira anayajua bila kuambiwa: umeme unaondoka, unarudi, unaondoka tena.

Chaja halisi ya laptopu imeundwa kuvumilia kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo umeme dhaifu hauisumbui sana. Hatari kubwa ni ule mpigo unaokuja umeme unaporudi, wakati nyumba zote za mtaa zinaanza kuvuta kwa pamoja. Hatari nyingine ni jenereta isiyodhibiti volti, na inveta ya bei rahisi inayofungwa kwenye sola. Na juu ya zote ni chaja bandia, ambayo ndani yake vile vifaa vya kuchuja na kukinga vimeachwa ili bei ishuke. Kuchomoa chaja umeme unapokatika, na kungoja dakika chache baada ya kurudi, hakugharimu hata franka moja.

Chaja yenyewe ndiyo mahali pa kuanzia uchunguzi, na hapo ndipo hukumu nyingi za haraka huanguka. Laptopu nyingi za Dell na HP zina pini nyembamba katikati ya plagi ya chaja. Kupitia pini hiyo mashine huitambua chaja na nguvu yake. Pini ikipinda au ikikatika, mashine inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri, na Dell huweza hata kupunguza kasi ya prosesa. Mteja anaambiwa bodi ina matatizo ya umeme. Kumbe tatizo ni plagi.

Fundi anayepima huenda hatua kwa hatua. Anaishika multimita na kuthibitisha kwamba chaja inatoa kile kilichoandikwa mgongoni mwake. Anaitenga betri na kujaribu mashine kwa chaja peke yake, kwa kuwa betri iliyokufa vibaya inaweza kuizuia laptopu nzima isiwake. Anabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20 au 30 bila umeme wowote, ili chaji iliyobaki kwenye saketi iishe. Anachomoa ramu, anasafisha meno yake, anairudisha moja moja na kujaribu kila tundu. Anaunganisha televisheni au skrini ya nje: picha ikitokea huko, bodi kwa sehemu kubwa ni nzima, na ugonjwa huenda uko kwenye skrini au waya wake. Anahesabu pia jinsi taa zinavyopepesa, maana Dell, HP na Lenovo wameziwekea mashine zao lugha ya taa na milio inayotaja kifaa kilichogoma. Maelezo ya lugha hiyo yamo kwenye vitabu vya matengenezo ambavyo kampuni hizo tatu zinavitoa bure kwenye intaneti, pamoja na michoro ya kufungulia mashine skrubu kwa skrubu. Inasikitisha kwamba vitabu hivyo havisomwi vya kutosha.

Baada ya hapo ndipo kifuniko kinafunguliwa. Kando ya ziwa, macho peke yake hugundua mengi: kutu ya kijani pembeni mwa tundu la chaja, vumbi la kiangazi lililoganda kwenye feni, kiota cha sisimizi, mavi ya mende yaliyounganisha miguu ya chipu mbili ambazo hazikutakiwa kugusana. Macho yakishindwa, multimita inaendelea. Kosa moja linalojirudia sana ni kapasita ya kauri, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyopasuka ndani na kuunganisha njia kuu ya umeme moja kwa moja na ardhi ya bodi. Mashine yote inazima kwa ajili yake. Mafundi wana namna ya kuitafuta: wanapitisha kwenye njia hiyo volti 1 hivi kutoka kwenye chanzo cha umeme kinachodhibitiwa, wanamwagia bodi spiriti kidogo, na kutazama inapokauka kwanza. Hapo ndipo penye joto, na hapo ndipo alipo mkosaji. Spiriti inashika moto, kwa hiyo pasi ya kulehemu na sigara hukaa mbali. Kapasita ile inatolewa, inawekwa nyingine yenye kipimo sawa iliyochukuliwa kwenye bodi mbovu, na laptopu iliyokuwa imeshatangazwa kufa inawaka.

Ipo tiba moja iliyozoeleka ambayo haifai kuitwa tiba: kuipasha bodi moto. Fundi anaelekeza hewa ya moto juu ya chipu ya picha, au anaiweka bodi nzima kwenye jiko, mashine inaamka, mteja analipa, na baada ya siku au wiki chache giza linarudi. Historia ya jambo hili inajulikana vizuri. Mwezi Julai 2008 kampuni ya nVidia ilitangaza kwamba imetenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za picha zilizokuwa zikiharibika kwenye laptopu kuliko ilivyotarajiwa. HP Pavilion za dv2000, dv6000 na dv9000 zilikuwa miongoni mwa mashine zilizoumia. Tatizo lilikuwa ndani ya chipu yenyewe, kwenye vitone vidogo vya lehemu vinavyoishika silikoni, ambavyo vilipasuka kwa kupata moto na kupoa mara nyingi. Joto la fundi hurudisha mguso kwa muda, na ufa unabaki palepale. Anayeuza huduma hiyo bila kusema ukweli huo anamdhulumu mteja.

Joto lenyewe pia limebadilika. Tangu Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya ilipopiga marufuku madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, bodi nyingi duniani hulehemiwa kwa mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni bati, takriban asilimia 96, pamoja na fedha na shaba kidogo. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183; hii mpya inataka 217 au zaidi. Fundi aliyejifunzia kwenye redio na televisheni za zamani anaona lehemu haiyeyuki, anaongeza moto, anakandamiza, na kunyofoa njia ya shaba pamoja na kifaa. Bodi iliyokuwa na ugonjwa mdogo inakufa mikononi mwake.

Kisha kuna maji. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na maji huijia kutoka pande zote mbili. Mwezi Aprili 2020 mvua kubwa iliijaza mito inayopita mjini, Mulongwe ukiwa mmojawapo, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda na kuingia mitaani, Uvira na Kalundu kwa upande huu, Gatumba na Bujumbura kwa upande wa pili, Burundi. Mbele ya vifo, laptopu si kitu. Ila kwa familia iliyookoka, mara nyingi ndani ya mashine ile iliyolowa ndimo zilimobaki picha za marehemu, nakala za vyeti na hati za kiwanja.

Ndiyo maana kosa la kwanza baada ya mafuriko ni baya sana: kuichomeka mashine kwenye umeme ili kuona kama bado inawaka. Maji ya mafuriko yamejaa matope na chumvi. Yakikutana na umeme, huanza kuila shaba, na kutu hiyo hukimbia chini ya chipu ambako macho hayafiki. Kuifukia laptopu kwenye mchele hakusaidii, kwa kuwa mchele hauondoi tope wala chumvi. Kinachosaidia ni kutowasha, kutenga betri mapema iwezekanavyo, kufungua mashine yote, kuosha tope kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, kisha kusugua taratibu kwa brashi laini na spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya vidonda ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii. Bodi ikauke kabisa, kivulini na penye hewa, kabla ya multimita kuigusa. Mashine iliyolala kwenye tope usiku mmoja inaweza kuokoka kwa njia hii. Iliyolala mwezi mmoja, mara nyingi haiokoki, lakini diski yake huenda ikasomeka kwenye mashine nyingine.

Zikiisha hatua hizo zote na bodi isiamke, basi mazabodi ibadilishwe. Hapo linaanza suala la ipi inunuliwe.

Jina lililo kwenye kifuniko halitoshi. Laptopu mbili zenye jina lilelile zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa, moja ikiwa na chipu ya picha ya peke yake na nyingine haina. Basi hata bomba la kupozea joto halilingani, na matundu ya skrubu yanapishana. Namba inayosema ukweli imechapishwa kwenye bodi yenyewe. Bodi zilizoundwa na Compal huanza kwa LA, za Quanta kwa DA0, nyingi za Lenovo kwa NM. Fundi aipige picha namba hiyo na kuituma kwa muuzaji, iwe Bujumbura, Dar es Salaam au Dubai, na asikubali jibu la kwamba zinafanana. Kwa laptopu nyingi za sasa prosesa imelehemiwa kwenye bodi, na mara nyingine ramu pia, kwa hiyo anayenunua bodi ananunua na hivyo.

Njia ya kufika Uvira ni ndefu. Mzigo unapita mpaka wa Kavimvira kutoka Burundi, au unavuka ziwa kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, au unashuka kutoka Bukavu kwa barabara ya Kamanyola pale vita vinaporuhusu. Katika safari hiyo bodi nyingi husafiri zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na nailoni ikisuguana inazalisha umeme tuli. Mfuko unaofaa ni ule wa rangi ya fedha au kijivu unaokinga umeme huo, na ndani ya boksi gumu. Muuzaji akipeleka bodi kwenye mfuko wa sukari, mnunuzi ana haki ya kuikataa.

Bodi ya mtumba inaweza pia kuja na kufuli la mmiliki wa zamani. Laptopu nyingi zinazofika kwetu zilikuwa mali ya makampuni ya Ulaya, na makampuni huweka nenosiri ndani ya baiosi, ile programu inayoiamsha mashine, au programu ya ulinzi iliyojikita kwenye bodi. Mnunuzi anapata bodi nzima, inayowaka vizuri, isiyompa ruhusa ya kuingia. Iwashwe na baiosi yake ikaguliwe kabla fedha hazijabadilishana mikono.

Jambo zito kuliko yote haya ni data, na ndilo linalosahaulika zaidi. Windows za sasa hufunga diski kwa ufunguo unaotunzwa na chipu ya usalama iliyo kwenye mazabodi. Tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, kompyuta mpya zikiwekwa kwa akaunti ya Microsoft hufungwa hivyo zenyewe, bila kumwuliza mtu kwa sauti. Bodi ikibadilishwa, diski inakutana na chipu isiyoijua, na skrini inadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Lakini ikiwa akaunti ilifunguliwa na muuzaji dukani siku ya kununua, kwa barua pepe ambayo mteja hakuandikiwa popote, ufunguo huo umepotea, na faili zote pamoja nao. Kwa kompyuta za Apple zenye chipu ya T2, zilizoanza kuenea mwaka 2018, na zile za M1 zilizokuja mwaka 2020, hali ni ngumu zaidi: hifadhi imefungwa kwa siri na chipu hiyo, na kwenye MacBook imelehemiwa kwenye bodi yenyewe. Bodi ikiondoka, data inaondoka nayo.

Kwa hiyo swali la ufunguo liulizwe kabla ya bisibisi kushikwa. Fundi asiyeuliza ajue anacheza na tasnifu ya miaka mitatu ya mtu, au vipimo vya maji ya ziwa ambavyo mtafiti wa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira hawezi kurudi kuvichukua upya.

Siku ya kubadilisha bodi, adui wa kwanza haonekani. Mwili wa binadamu hauhisi cheche ya umeme tuli mpaka ifikie takriban volti 3,000. Zipo chipu zinazoumia kwa volti mia chache, nyingine hata chini ya 100. Fundi anaweza kuijeruhi bodi bila kusikia chochote. Mbaya zaidi, jeraha hilo huweza kukaa kimya: mashine inawaka leo, mteja anaondoka ameridhika, na baada ya wiki kadhaa inazima bila sababu inayoeleweka. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa inapokauka, hatari hiyo huongezeka, hasa kwa aliyevaa shati la nailoni na kukaa kwenye kiti cha plastiki.

Dawa yake ni mkanda wa mkononi unaounganishwa na ardhi. Ndani ya mkanda wa kweli kuna rezista ya megaomu 1, nayo imewekwa kwa ajili ya uhai wa fundi: akigusa kwa bahati mbaya waya wa volti 220, mkondo unaopita kwenye mkanda unabaki chini ya robo ya miliampia. Waya mtupu uliofungwa mkononi na kuunganishwa na chuma hauna kinga hiyo, nao unaweza kuua. Nyumba nyingi za Uvira hazina ethi. Fimbo ya chuma iliyopigwa kwenye udongo wenye unyevu inatosha kwa kazi hii. Waya wa nyutro wa SNEL, shirika la umeme la taifa, usitumiwe kamwe mahali pake. Na pale ambapo hata fimbo haipo, mkanda uunganishwe na fremu ya chuma ya laptopu yenyewe, ili fundi na mashine wawe kwenye kiwango kimoja cha umeme. Bodi ishikwe kwa kingo zake. Isilazwe juu ya ule mfuko wa fedha ikiwa na umeme, maana ngozi ya mfuko huo inapitisha umeme.

Betri hutengwa kabla ya kitu kingine chochote. Laptopu iliyozimwa bado ina njia ndani yake zenye umeme saa zote, na skrubu moja ikianguka juu ya bodi inatosha kuleta moto. Kuchomeka waya wa skrini huku betri imeunganishwa ni njia ya haraka ya kuunguza fyuzi ya mwanga wa skrini, kosa linalowapata hata mafundi wenye miaka mingi mezani. Betri iliyovimba isitobolewe wala isisukumwe kwa bisibisi. Lithiamu ikiwaka ndani ya chumba kidogo, moshi wake peke yake unaweza kuangusha watu.

Skrubu zinataka kuheshimiwa. Hazilingani urefu, na ile ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hupenya safu za shaba zilizo ndani ya bodi, mahali ambapo hakuna fundi anayeweza kuzifikia. Kuchora umbo la laptopu kwenye karatasi na kuichoma kila skrubu mahali ilipotoka ni kazi ya dakika moja. Nyaya bapa za kibodi na padi zina kikufuli chembamba cha kuinuliwa kwa ukucha. Anayevuta bila kukiinua anakivunja, na kisha anaanza kubandika kwa gundi. Picha ya simu ipigwe kila hatua.

Kabla ya kufunga bodi mpya, mabaki ya grisi ya joto yafutwe kwenye prosesa na kwenye kipozeo, iwekwe mpya, kiasi kidogo, na skrubu za kipozeo zikazwe kwa kufuata namba zilizochapishwa kando yake, kidogo kidogo, ili chipu isipasuke kona. Kisha mashine iwashwe kabla haijafungwa: bodi, ramu, kipozeo na feni yake, skrini, basi. Ikiwaka, vingine viongezwe kimoja kimoja. Anayefunga kila kitu kwanza na kuwasha mwishoni, ikigoma, hajui aanzie wapi.

Bodi ya zamani ni ya mteja. Hili lisemwe wazi, kwa kuwa si desturi iliyozoeleka: fundi anaibakiza, na mteja hajui kwamba ameacha vipuri vyenye thamani. Tena ni vipuri vyenye asili ya huku. Kapasita za tantali hutengenezwa kwa koltani, na koltani inachimbwa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Bati la lehemu linatokana na kasiteraiti, inayochimbwa Kalehe na Walikale. Dhahabu inayopakwa kwenye meno ya ramu ni madini yaleyale yanayotafutwa Kamituga na Misisi. Kwa ajili ya madini haya Marekani ilitunga sheria mwezi Julai 2010, na miezi miwili baadaye serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji mdogo katika mikoa ya Kivu na Maniema mpaka Machi 2011. Watu wameuawa juu ya mashimo hayo. Bodi iliyorudi Kivu baada ya kuzunguka dunia haistahili kuchomwa moto nyuma ya nyumba ili kutafuta shaba, moshi wake ukivutwa na watoto, wala kutupwa kwenye mto Kalimabenge ili iishie ziwani, kwenye maji wanamovuliwa ndagala na mukeke. Ripoti ya kimataifa ya taka za elektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Uvira haina kiwanda cha kazi hiyo, lakini ina mafundi wanaoweza kuivua bodi moja iliyokufa na kuponya nyingine kadhaa.

Ili wafanye hivyo wanahitaji mafunzo. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo mahali pa asili pa kozi fupi ya kupima na kulehemu bodi, na kozi hiyo iwafuate mafundi Uvira badala ya kuwasubiri Bukavu kwenye barabara isiyo na uhakika. Mashirika ya misaada yaliyojaa mjini yana kompyuta zilizokufa ambazo zimefungiwa stoo. Yazitoe kwa shule za ufundi baada ya kuondoa diski, wanafunzi wafanyie makosa yao humo na si kwenye mashine za wateja. Kwingineko duniani mambo yanasogea: Ufaransa tangu Januari 2021 inawalazimisha wauzaji waonyeshe alama, kati ya 0 na 10, inayosema laptopu inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, na kampuni ya Framework ya Marekani tangu mwaka 2021 inauza laptopu ambazo mwenyewe anaweza kubadilisha mazabodi kwa bisibisi moja. Anayeagiza mashine kutoka Ulaya anaweza kuiangalia alama hiyo kabla ya kulipa.

Lakini lawama zote zisiwekwe juu ya fundi. Wateja wamezoea kulipia kifaa na kukataa kulipia uchunguzi. Fundi akitumia nusu siku kutafuta kapasita moja, anaambiwa amebadilisha kitu kidogo tu, apunguze bei. Akisema mazabodi imekufa, anapata faida juu ya bodi nzima na hakuna anayembishia. Katika hali hiyo hakuna sababu ya kushangaa kwamba bodi nyingi zinakufa kwa maneno.

Basi mwenye laptopu iliyogoma, kabla hajafungua pochi, aombe kuonyeshwa kipimo na namba ya bodi, atafute ufunguo wa diski yake, na adai kurudishiwa bodi ya zamani mkononi. Akimpata fundi anayeyatimiza hayo, amlipe saa zake za kupima bei kamili, hata kama kilichobadilishwa ni kifaa cha senti chache.